Dakika 30 za insha ya CLEP zinaishia wapi?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Columbus, Ohio, huu ni mwaka wangu wa tatu. Nafanya kazi ya CNA (msaidizi wa muuguzi) kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na nia yangu ni kusomea uuguzi. Chuo kinataka kwanza krediti za uandishi wa Kiingereza, na nimeambiwa naweza kufanya mtihani wa CLEP, ule unaokupa krediti za chuo ukifaulu, badala ya kukaa darasani muhula mzima. Maswali ya kuchagua jibu hayanitishi. Kinachonishinda ni insha. Kila nikijiwekea saa, dakika 30 zinakwisha nikiwa na utangulizi na aya moja na nusu. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, nilipata B ya Kiingereza, kwa hiyo sidhani kama lugha ndiyo tatizo. Nimebakiza wiki sita. Nijiandae vipi? Nimekuambatishia insha moja uione.

Jibu: Marahaba, dada. Insha yako nimeisoma yote, na nakubaliana nawe kwamba lugha si tatizo. Nitakuonyesha dakika zako zinapotelea wapi, lakini kwanza hakikisha kwamba mtihani unaojiandaa nao ndio chuo chako kinaoutaka.

CLEP ina mitihani miwili ya uandishi yenye majina yanayokaribiana. College Composition ina maswali 50 ya kuchagua kwa dakika 55, halafu insha mbili za lazima kwa dakika 70: ya kwanza dakika 30, ya pili 40. College Composition Modular ina maswali 90 kwa dakika 95, na suala la insha limeachiwa chuo chenyewe. Kuna vyuo vinavyopokea mmoja tu kati ya hiyo miwili, na kuna visivyopokea wowote kwa somo la uandishi hata kama vinapokea CLEP ya hesabu au historia. Programu ya uuguzi nayo inaweza kuwa na masharti yake juu ya yale ya chuo. Muulize msajili, muulize na mshauri wa uuguzi, na uwaulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi. Utasikia kwamba alama 50 ya College Composition, kwenye kipimo cha 20 hadi 80, inakupa krediti 6. Hayo ni mapendekezo ya American Council on Education, na chuo hakilazimiki kuyafuata.

Nachukulia wako ni College Composition. Kila insha husomwa na wasomaji wawili, walimu wa Kiingereza wa vyuo, kila mmoja akitoa alama zake bila kuona za mwenzake. Kipimo ni 0 hadi 6. Alama za insha zikishajumlishwa hupewa uzito unaokaribiana na ule wa maswali yote ya kuchagua. Kwa hiyo wazo la kufanya vizuri kule ili kuziba pengo la huku liweke kando.

Sasa insha yako. Swali lilikuuliza kama unakubali kwamba teknolojia ya mawasiliano imewaleta watu karibu zaidi. Umeanza na ngoma na mbiu za wazee wetu. Ukaja kwenye barua na simu ya mezani. Ukaeleza teknolojia ni nini. Ukaleta methali, ukaitafsiri, ukaieleza. Kisha ukasema jambo hili lina faida na hasara zake, na kwamba utazijadili. Hapo umeshatumia mistari kumi na mmoja na msomaji bado hajui unakubali au unakataa. Aya ya pili ukaanza faida, moja, mbili, na katikati yake, muda ukiwa unakwisha, ukaandika sentensi hii: kwamba mama yako Likoni, Mombasa, anauona uso wako kila Jumapili kwenye simu, lakini hadi leo hajui kwamba ulihama nyumba.

Insha yako ni hiyo sentensi! Simu inaonyesha uso, na anayeishika ndiye anayechagua kamera ielekee wapi. Unaweza kuongea na mtu kila wiki ukamficha maisha yako yote. Hapo una msimamo na una ushahidi ambao hakuna mtahiniwa mwingine Ohio nzima atakayekuja nao, na vyote viwili vimefika dakika ya 28.

Hili silo kosa lako peke yako. Ndivyo tulivyofundishwa. KCSE karatasi ya tatu ya Kiingereza inakupa saa mbili na nusu kwa insha tatu, kama dakika 50 kwa kila moja, na utangulizi uliopambwa una nafasi yake pale. Darasani tuliambiwa mtu muungwana hakimbilii kutoa uamuzi: anapima pande zote, anataja faida, anataja hasara, na mwishoni kabisa anatoa maoni. Kwa baraza la wazee ni busara. Kwa msomaji wa CLEP mwenye rundo la insha mbele yake, ni mtu asiyejibu swali. Swali la kwanza linakupa kauli na kukutaka useme unakubaliana nayo kwa kiasi gani, ukitumia uliyoyasoma, uliyoyaona au uliyoyapitia. Msomaji anatafuta vitu vichache: umejibu swali, mifano yako imechaguliwa vizuri na imeelezwa vya kutosha, aya zinafuatana, sentensi hazijirudii sura, na sarufi haimkwazi. Hata insha ya alama 6 inaruhusiwa kuwa na makosa madogo madogo.

Kwa hiyo acha kuanza mbali. Aya ya kwanza iwe na sentensi tatu, nne zikizidi: jambo linalobishaniwa, msimamo wako, na sababu yake. Methali iache nyumbani, kwa sababu ukiitafsiri itakuhitaji uieleze, na maelezo hayo yanakula dakika mbili bila kukuongezea hoja.

Tuchukue swali jingine tulifanye pamoja. Hili nimelitunga mwenyewe: «Kanuni za kazini zinapaswa kufuatwa hata pale mfanyakazi mzoefu anapoona njia iliyo bora zaidi.» Una dakika 30. Nne za kupanga, 22 za kuandika, nne za kusahihisha. Zile nne za mwanzo usiandike sentensi hata moja ya insha. Jiulize kwanza: nimeona wapi jambo hili kwa macho yangu? Wewe unaliona kila usiku. Kwenye nyumba nyingi za wazee kanuni ni kwamba mashine ya kumwinulia mgonjwa kutoka kitandani huendeshwa na watu wawili. Saa tisa usiku mwenzako yuko chumba cha mwisho, mzee anataka kwenda chooni, na kazi hiyo umeifanya mara zisizohesabika. Unamsubiri mwenzako, au unamwinua peke yako?

Karatasi yako ya kupangia iwe na mistari minne tu. Wa kwanza, msimamo: nakubali, kwa sababu uzoefu wa mtu haumlindi dhidi ya siku asiyoitarajia. Wa pili, mashine na watu wawili. Wa tatu, upande wa pili kwa haki yake: kuna wakati kanuni inamwumiza yule yule inayopaswa kumlinda, kwa mfano mzee anayesubiri huku amelowa. Wa nne, jibu lako kwa huo upande wa pili: aliyeona kasoro apeleke kanuni ibadilishwe, asiibadilishe mwenyewe gizani. Umemaliza kupanga. Hiyo ni insha ya aya nne, na aya nne zinakutosha.

Najua vitabu vingi vya maandalizi vinasisitiza aya tano: utangulizi, hoja tatu, hitimisho. Sina ugomvi na muundo huo kwa mtu mwenye saa nzima. Kwa dakika 30 naona unawadhuru watu, kwa sababu hoja ya tatu huwa imetafutwa ili kujaza nafasi, na inapora dakika za zile mbili zilizokuwa na nyama.

Nyama hiyo ikoje? Soma aya hii (naandika Kiswahili hapa, mtihanini utaandika Kiingereza): «Kanuni kazini ni muhimu sana kwa sababu zinazuia ajali. Kwa mfano, katika kazi za hospitali, wafanyakazi wasipofuata kanuni wagonjwa wanaweza kuumia. Pia kanuni zinaleta nidhamu na ushirikiano.» Haina kosa hata moja. Ila angeweza kuiandika mtu ambaye hajawahi kukanyaga wodini. Sasa hii: «Kazini kwangu mashine ya kumwinua mgonjwa huendeshwa na watu wawili: mmoja anashika kidhibiti, mwingine anaongoza miguu na kuangalia mikanda. Mfanyakazi mzoefu anaweza kufanya yote mawili, na mara nyingi hakuna kitakachotokea. Lakini mgonjwa aliyetulia jana anaweza kushtuka leo na kushika mkanda, na mtu mmoja hana mkono wa tatu. Kanuni haikutungwa kwa kuwa mfanyakazi hajui kazi. Imetungwa kwa ajili ya usiku ambao ujuzi wake hautatosha.» Hoja ni ile ile. Tofauti ni kwamba ya pili inamwonyesha msomaji mkono, mkanda na kidhibiti, kisha inasema vitu hivyo vinathibitisha nini. Sentensi hiyo ya mwisho wengi huiruka. Wanatoa mfano mzuri halafu wanakimbilia mfano mwingine, na msomaji anaachiwa kazi ya kuuunganisha mfano na msimamo. Baada ya kila mfano andika sentensi moja au mbili zinazojibu «kwa hiyo?»

Usiogope kwamba mifano ya kazi yako ni ya kawaida mno. Hakuna anayekudai takwimu wala majina ya wanafalsafa. Ila mambo ya wagonjwa uyafiche: usitaje jina wala jambo litakalomtambulisha mtu.

Insha ya pili ni mchezo mwingine. Unapewa vifungu viwili vifupi vya maandishi kuhusu jambo moja, na unatakiwa kutoa msimamo wako ukitumia vyote viwili, huku ukionyesha kila wazo umelitoa wapi. Wengi wanaanguka kwa kufupisha: aya moja ya chanzo cha kwanza, aya moja ya chanzo cha pili, kisha «mimi naona wote wana ukweli fulani». Huo ni muhtasari. Wanachokitaka ni vyanzo hivyo viingie ndani ya hoja yako, vikutane humo.

Tuseme suala ni kama vyuo viwalazimishe wanafunzi kuhudhuria vipindi. Mwandishi wa kwanza anasema kuhudhuria kunajenga nidhamu na kuinua matokeo. Wa pili anasema mtu mzima aachiwe aamue. Ukiandika «wa kwanza anasema hivi, wa pili anasema vile», umenakili. Jaribu hivi: mwandishi wa kwanza yuko sahihi kwamba nidhamu husaidia, lakini mwanafunzi aliyemfikiria ni kijana anayeishi bwenini dakika tano kutoka darasani. Ukimweka kwenye sharti hilo mwanafunzi wa yule mwandishi wa pili, mwenye mtoto na zamu ya usiku, nidhamu ile ile inageuka mlango uliofungwa. Kwa hiyo sharti libaki kwa maabara na mafunzo ya vitendo, liondolewe kwenye mihadhara. Hapo wamekutana, na wewe umesimama katikati yao na neno lako. Kila unapochukua wazo, mtaje mwenyewe kwa jina la ukoo au la chanzo kama maelekezo ya siku hiyo yatakavyosema, hata kama umelisema kwa maneno yako mwenyewe. Kunukuu neno kwa neno iwe kwa uchache, nusu sentensi hapa na pale.

Muda wake: dakika nane za kusoma na kupanga, 27 za kuandika, tano za kusahihisha. Unaposoma, kutoka kila kifungu chukua sentensi moja unayoweza kuitumia na moja unayoweza kubishana nayo. Zaidi ya hapo hutapata nafasi ya kuzitumia.

Halafu kuna jambo hukuliuliza, na mimi nalishuku: je, insha hii uliyonitumia uliichapa, au uliiandika kwa mkono ukaja kuichapa? Mtihani ni wa kompyuta. Nawalenga wanafunzi wangu maneno 350 hadi 400 kwa insha ya kwanza. Ndani ya dakika 22 hiyo ni kama maneno 16 hadi 18 kwa dakika, tena ukiwa unafikiri, si unanakili. Mtu aliyezoea kuandika kwa kidole gumba kwenye simu huiona kibodi ya kompyuta kama kikwazo kingine. Kama hiyo ndiyo hali yako, mazoezi ya kuchapa ya dakika 15 kila siku yatakuongezea alama kuliko kitabu chochote cha msamiati. Na unapofanya mazoezi, zima kabisa programu ya kusahihisha tahajia na sarufi, ujue makosa yako halisi ni yapi.

Makosa yenyewe, kwa sisi tuliolelewa na Kiswahili, hayana mshangao. Tunachanganya «he» na «she» kwa kuwa kwetu yeye ni yeye. Tunaangusha «the» na «a». Tunasahau ile «s» ya kitenzi cha mtu mmoja, na tunaanza kisa kwa wakati uliopita tukamalizia kwa uliopo. Kwako nimeona la pili na la nne. Kwa hiyo dakika zako nne za mwisho usisome insha kama msomaji, iwinde: mara moja nyakati za vitenzi tu, mara ya pili nomino zilizokosa «the» au «a». Usitumie muda huo kubadilisha neno jepesi liwe zito. Neno zito lililokaa vibaya linaonekana haraka kuliko jepesi lililokaa vizuri.

Wiki zako sita, basi. Wiki ya kwanza usiandike insha nzima hata moja. Kila siku chukua swali moja, weka saa dakika nne, toa ile mistari minne, funga daftari. Unaweza kulifanya wakati wa mapumziko ya zamu. Wiki ya pili ongeza aya ya kwanza: panga, kisha andika ufunguzi wa sentensi tatu ndani ya dakika nne nyingine. Ukiona sentensi ya pili bado haijasema unasimama wapi, futa uanze upya. Kuanzia wiki ya tatu andika insha nzima mara mbili kwa wiki, siku za mapumziko, baada ya kulala vya kutosha. Insha ya saa mbili asubuhi ukitoka zamu haipimi uwezo wako, inapima uchovu. Wiki ya nne ingiza insha ya vyanzo viwili. Kama huna vifungu, chukua maoni mawili ya gazetini yanayopingana. Wiki ya tano fanya mtihani mzima kwa mfuatano wake, maswali 50 kwanza kisha insha zote mbili, angalau mara moja, kwa sababu insha ya pili inakuja ukiwa umeshakaa karibu saa moja na nusu na kichwa kimechoka. Wiki ya sita punguza.

Modern States, shirika lisilo la faida, wana kozi ya bure mtandaoni kwa ajili ya mtihani huu, na ukiimaliza unaweza kuomba vocha ya kulipia ada ya mtihani. Itumie zaidi kwa yale maswali ya kuchagua, ambayo asilimia 40 yake ni ya kurekebisha maandishi ya mtu mwingine. Na unapoweka miadi, chagua saa ambayo mwili wako umezoea kuwa macho.

Usikariri insha. Kuna watu wanauza insha zilizotayarishwa, na kuna vijana wanazimeza nzima nzima kisha wanalazimisha swali liendane nazo. Insha isiyojibu swali lililoulizwa inaweza kupewa sifuri hata kama Kiingereza chake kinang'aa. Unachoruhusiwa kubeba kichwani ni mifano: visa vitano au sita unavyovijua kwa undani, vya kazini, vya Mombasa, vya safari yako, vya jambo ulilolisoma. Kisa cha mama na simu kinaweza kujibu swali la teknolojia, la ukweli, la familia, hata la uhamiaji. Kizungushe kila upande ukiwa nyumbani, usije ukakigundua dakika ya 28.

Ukimaliza mtihani hutaona matokeo papo hapo kama ilivyo kwa mitihani mingine ya CLEP, kwa kuwa insha husubiri wasomaji, na wao husahihisha mara mbili kwa mwezi. Lipige hesabu hilo pamoja na tarehe ya mwisho ya maombi yako ya uuguzi. Ikitokea hukufikisha alama, lazima miezi mitatu ipite ndipo uruhusiwe kuurudia, kwa hiyo usiuweke wiki ya mwisho kabla ya maombi kufungwa.

Insha yako ya kwanza ya wiki ya tatu nitumie. Pembeni ya kila aya andika ilikuwa dakika ya ngapi ulipoianza, na usiirekebishe baada ya saa kulia.